Tozo maalumu za uboreshaji na madai yanayoshikamana na ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ofisini kwetu hapa Dodoma, ambako kazi zetu za kila siku ni uthamini na uhamisho wa milki, swali hili lilianza kuingia kupitia kwa wazazi wenye watoto Marekani. Mama mmoja alitufungulia simu yake na kutuonyesha picha ya karatasi ya kodi ya nyumba aliyonunua binti yake. Chini ya kodi ya kawaida kulikuwa na mstari wa pili, uliotaja barabara ya mtaa na dola mia kadhaa za kulipwa mwaka huo. Alitaka kujua mstari ule ni wa nini, na kwa nini binti hakuambiwa siku alipoonyeshwa nyumba. Baadaye swali hilohilo likarudi kwa sura ya kwetu: lami inapofika mtaani, nani anailipia, na je, gharama yake inaweza kukikalia kiwanja cha mtu? Majibu yafuatayo yanahusu pande zote mbili. Pale tunapozungumzia sheria ya Marekani tumesema hivyo, na pale tunapozungumzia Tanzania tumesema hivyo pia, kwa sababu mkanganyiko mwingi tunaoukuta unatokana na watu kuchanganya mambo ya nchi mbili.

Tozo maalumu ya uboreshaji ni kitu gani?

Ni malipo ambayo mji, wilaya au chombo kingine cha umma huyatoza kwa viwanja vya eneo mahususi, kwa sababu kazi ya umma iliyofanywa mbele ya viwanja hivyo au jirani navyo imevinufaisha zaidi ya ilivyounufaisha mji mzima. Kazi zenyewe ni zile zinazoonekana kwa macho: barabara ya mtaa kuwekwa lami, njia ya waenda kwa miguu, mtaro wa maji ya mvua, bomba la majitaka, taa za barabarani. Mwenye nyumba aliyekuwa akila vumbi kila kiangazi na sasa anaegesha gari kwenye lami amepata thamani ambayo mkazi wa kata nyingine hakuipata, na kwa sababu hiyo anatakiwa kubeba sehemu ya gharama ambayo mkazi yule habebeshwi.

Ina tofauti gani na kodi ya majengo?

Kodi ya majengo hutozwa kila mwenye jengo, na fedha zake huingia katika mfuko wa jumla. Mlipaji hana haki ya kuuliza ni jiwe gani la barabara lililonunuliwa kwa shilingi yake. Tozo maalumu hutozwa kwa kazi moja inayotajwa kwa jina, katika eneo lenye mipaka iliyochorwa kwenye ramani, na hukoma gharama ya kazi hiyo inapokwisha kulipwa. Zaidi ya hayo, kiasi anachotozwa mtu hakipaswi kuzidi faida ambayo kiwanja chake kimeipata, sharti ambalo kodi ya kawaida haina.

Kwa nini husemwa kwamba deni ni la kiwanja na si la mtu?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima. Orodha ya viwanja na viwango vyake inapopitishwa, sheria za majimbo mengi ya Marekani hulifanya deni hilo kuwa dai lililoshikamana na ardhi yenyewe. Mwenye nyumba akiuza, akifariki au akihamia jimbo jingine, dai halimfuati. Linabaki palepale kwenye kiwanja, likimsubiri mmiliki anayekuja. Mnunuzi hawezi kujitetea kwa kusema kwamba lami iliwekwa kabla hajafika, maana lami bado ipo na yeye ndiye anayeikanyaga.

Kwa Mtanzania mfano wa karibu ni rehani, lakini mfano huo una kasoro. Rehani huzaliwa na makubaliano: mwenye hati alikwenda benki mwenyewe, akatia sahihi, akachukua fedha. Dai la tozo maalumu huzaliwa na sheria bila sahihi ya mwenye kiwanja, na katika majimbo mengi hutangulia mbele ya rehani hata kama rehani ilisajiliwa miaka mingi kabla yake. Florida, kwa mfano, sheria yake ya maboresho ya miji inaliweka dai hili daraja moja na kodi za jimbo, wilaya na mji, na juu ya madai mengine yote.

Kiasi anachotozwa kila mmoja hupatikanaje?

Kuna njia kadhaa, na kila moja ina watu wanaoilalamikia. Njia kongwe ni kupima upana wa kiwanja kwa upande unaotazama barabara. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una viwanja ambavyo pande zao za mbele, zikijumlishwa, zinafikia futi 1,200, na sehemu ya gharama inayotakiwa kubebwa na wenye viwanja ni dola 240,000. Kila futi inabeba dola 200, hivyo mwenye kiwanja cha futi 60 anabeba dola 12,000. Mara nyingi huruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Akipewa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5 juu ya salio, atalipa dola 800 za deni kila mwaka pamoja na riba: mwaka wa kwanza dola 600, jumla 1,400, mwaka wa pili dola 560, jumla 1,360, na kuendelea kushuka hadi mwaka wa mwisho, ambao ni dola 840. Mstari ule kwenye simu ya yule mama ulikuwa wa namna hiyo, sehemu ya mwaka mmoja katika deni la miaka mingi, na ndiyo maana ulionekana mdogo kiasi cha kupuuzwa.

Ugumu huanza kwenye kiwanja cha kona. Kinatazama barabara mbili, kwa hiyo kipimo cha upana kinaweza kumtoza mwenyewe mara mbili ya jirani, ingawa geti ni moja na familia ni moja. Miji mingi huweka punguzo kwa viwanja vya kona, lakini punguzo hilo halifanani kutoka mji hadi mji. Kinyume chake kuna kiwanja kilichojificha nyuma, chenye uchochoro mwembamba tu wa kufikia barabara, ambacho kwa kipimo hichohicho kingelipa karibu na bure ilhali nyumba iliyomo ni kubwa kuliko zote. Kwa sababu hizo wapo wanaotumia eneo la kiwanja kwa mita au futi za mraba, wapo wanaotoza kila kiwanja sawa, na wapo wanaomtumia mthamini akadirie thamani ya kiwanja kabla ya kazi na baada yake. Njia hiyo ya mwisho ndiyo ya haki zaidi kwa maoni yetu, na wasomaji watuvumilie kwa kuisifu kazi yetu wenyewe, ila ni ghali na inachukua muda. Kwa mtaro wa maji ya mvua, upana wa mbele hauna maana kubwa hata kidogo: mwenye kiwanja cha bondeni anayefurikiwa kila masika anafaidika na mtaro kuliko mwenye kiwanja cha mlimani, hata kama viwanja vyao vina vipimo sawasawa.

Je, mwenye kiwanja anaweza kukataa au kupinga?

Anaweza kupinga, lakini kwa utaratibu na ndani ya siku zilizowekwa. Kwa kawaida mradi huanza kwa ombi la wakazi au kwa azimio la baraza la mji. Mhandisi huandaa taarifa ya gharama, wenye viwanja hupelekewa ilani, kikao cha hadhara hufanyika, na baada yake orodha ya tozo hupitishwa. Jimbo la Minnesota ni mfano mzuri wa ukali wa muda. Asiyewasilisha pingamizi la maandishi kabla ya kikao au katika kikao chenyewe kwa kawaida hupoteza nafasi ya kukata rufaa, na aliyewasilisha ana siku 30 tangu orodha ipitishwe kuanza rufaa hiyo katika mahakama ya wilaya. Anayetaka kulimaliza deni lote ndani ya siku 30 hizohizo hatozwi riba. California ilikwenda mbali zaidi mwaka 1996, wapiga kura walipopitisha pendekezo namba 218. Tangu hapo wenye viwanja hupelekewa karatasi za kura angalau siku 45 kabla ya kikao, kura hupimwa kwa uzito wa kiasi ambacho kila mmoja atatozwa, na zinazopinga zikizidi zinazokubali tozo haiwezi kupitishwa.

Msingi wa kikatiba uliwekwa katika kesi ya kijiji cha Norwood, Ohio, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1898. Kijiji kilichukua kipande cha ardhi ya mwanamke mmoja ili kupitisha barabara, kikamlipa fidia kwa amri ya mahakama, kisha kikageuka na kuitoza ardhi yake iliyobaki fidia ileile pamoja na gharama za kesi. Yaani alilipwa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto. Mahakama ilisema kwamba tozo inayozidi kwa kiasi kikubwa faida mahususi ya kiwanja ni sawa, kwa kile kilichozidi, na kutwaa mali ya mtu bila fidia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1901, katika kesi iliyotoka Kansas City, Mahakama hiyohiyo ilikubali kipimo cha upana wa mbele, na hivyo kuziachia mamlaka nafasi pana ya kuamua faida inapimwaje. Tangu wakati huo mawakili wa pande zote mbili wamekuwa wakivutana kati ya kesi hizo mbili.

Asiyelipa anafanywaje?

Dai lina meno. Kiwanja kinaweza kuuzwa ili deni lilipwe, ama kwa njia ya mauzo ya madeni ya kodi, ama kwa shauri mahakamani, kulingana na sheria ya jimbo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, iliamua kesi ya bibi mmoja wa Minnesota ambaye nyumba yake ya ghorofani ilichukuliwa kwa deni la kodi la takriban dola 15,000, ikauzwa kwa dola 40,000, na wilaya ikabaki na zote. Mahakama ilisema wilaya haikuwa na haki ya kuikalia ziada. Deni lenyewe lilikuwa la kodi ya nyumba na si tozo maalumu, lakini mwenye kiwanja anayeuzwa kwa tozo atafanya vyema kuijua hukumu hiyo.

Huruma ipo pia. Minnesota huruhusu miji kuahirisha malipo kwa mwenye nyumba mwenye miaka 65 au zaidi, au mwenye ulemavu, ambaye malipo yangemtesa. Deni halifutwi, linasubiri mpaka nyumba iuzwe au mwenyewe afariki.

Benki yenye rehani inachukuliaje jambo hili?

Kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu. Kwa kuwa dai la tozo mara nyingi hutangulia rehani, kiwanja kikipigwa mnada mji hulipwa kwanza na benki hupata kinachobaki. Ndiyo maana benki nyingi za huko hukusanya fedha za kodi pamoja na marejesho ya kila mwezi, na mteja akizembea hulipa zenyewe kisha humdai.

Je, makanisa, misikiti na shule husamehewa?

Wengi hudhani hivyo, na wengi hukosea. Kanuni ya jumla Marekani ni kwamba msamaha wa kodi hauhusu tozo maalumu, kwa kuwa tozo hiyo haihesabiwi kuwa kodi kwa maana ya kawaida bali malipo ya faida iliyopokelewa. Kampuni moja ya reli iliyosamehewa kodi na jimbo la Illinois ilijaribu kukwepa gharama ya barabara ya mji wa Decatur kwa hoja hiyo, ikashindwa mwaka 1893. Baadhi ya majimbo yameweka msamaha wao kwa sheria, kwa hiyo ni lazima kusoma sheria ya mahali husika.

Utaratibu huu ulianzia wapi?

Mizizi yake iko Uingereza, katika sheria ya mwaka 1427 iliyohusu makamishna wa mitaro na kingo za maji, na katika sheria ya mwaka 1667 ya kuijenga upya London baada ya moto mkubwa wa mwaka uliotangulia. New York iliuingiza mwaka 1691, ilipokuwa bado koloni. Colombia ina mfumo wake wa kuchangia ongezeko la thamani uliotokana na Sheria Na. 25 ya mwaka 1921, na barabara nyingi za Bogotá na Medellín zilijengwa kwa fedha hizo.

Je, Dodoma tuna tozo ya namna hii?

Kwa sura ile ya Marekani, yaani orodha ya viwanja vya mtaa mmoja, kila kimoja kikiandikiwa sehemu yake ya gharama ya lami na deni hilo kusajiliwa juu ya kiwanja, hatuitumii. Lami yetu ina mifuko mingine. Barabara za TANROADS na za TARURA hutegemea bajeti ya Serikali, mikopo na misaada ya wafadhili, na Mfuko wa Barabara ambao chanzo chake kikuu ni tozo ya mafuta. Kijana wa bodaboda anayejaza lita mbili Kibaigwa anachangia barabara za Ilazo ambako huenda hatafika maisha yake yote, na mwenye ghorofa la Ilazo hachangii zaidi kwa sababu tu lami imepita getini kwake. Hata upanuzi mkubwa uliofuata Serikali kuhamia Dodoma, ikiwemo barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita zipatazo 112 inayofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, haukuandikwa juu ya viwanja vya waliopakana nao.

Haina maana kwamba mwenye kiwanja halipi kitu. Anayenunua kiwanja kilichopimwa kutoka halmashauri hulipa bei ambayo ndani yake mna gharama ya upimaji, ya kuwafidia waliokuwa na mashamba hapo, na mara nyingine ya kuchonga barabara. Anayeishi kwenye makazi yanayorasimishwa huchangia fedha za upangaji na upimaji, la sivyo hapati hati. Hizo ni gharama za uboreshaji, ila hulipwa mwanzoni, mkononi, kabla ya hati kutoka, badala ya kukaa juu ya kiwanja kwa miaka 15.

Wazee wa mji huu wataongeza jambo la CDA, na wana haki. Tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa tarehe 15 Mei 2017, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ndiyo iliyoishika ardhi ya Dodoma na kuwapangisha wananchi kwa mikataba ya miaka 33. Ilikuwa mpangaji wa mji, muuzaji wa viwanja na mjenzi wa barabara kwa wakati mmoja. Majukumu yake yalihamia kwa Manispaa, ambayo ilitangazwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018, na wananchi wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99. Tunaendelea kuletewa makabati ya karatasi za zamani ambamo mkataba wa CDA, risiti za mkono na barua ya toleo, yaani barua ya kumgawia mtu kiwanja, vimeshikizwa pini moja yenye kutu. Anayenunua kiwanja chenye historia hiyo asiridhike na nakala ya karatasi moja.

Serikali ya mtaa ikipitisha mchango wa barabara, je, kiwanja cha asiyechanga kinaweza kushikwa?

Hapana, si kwa uamuzi wa mkutano wa mtaa peke yake. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliopewa nguvu na sheria hiyo. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo kwa mamlaka iliyopewa. Mkutano wa mtaa chini ya mwarobaini hauna mamlaka hayo. Wakazi wakikubaliana kila kaya itoe fedha za kumwaga kifusi au kununua makaravati, hilo ni jambo jema, na asiyetoa atasemwa kisimani na msibani, lakini deni hilo haliingii kwenye daftari la Msajili wa Hati na mnunuzi wa kiwanja chake harithi chochote isipokuwa lawama.

Basi ni madeni gani yanayofuata kiwanja hapa kwetu?

La kwanza ni kodi ya pango la ardhi. Kwa kuwa ardhi yote Tanzania ni ya umma na imewekwa chini ya Rais kama mdhamini, mwenye hati ni mmilikaji kwa masharti, na moja ya masharti ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ni kulipa kodi hiyo kila mwaka. Asiyelipa hupelekewa ilani ya madai, anaweza kufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na katika hali mbaya kabisa milki yake inaweza kubatilishwa. Katika uhamisho, deni hilo huwa ni ukuta: maombi hayaendi mbele mpaka lilipwe, na muuzaji akishatoweka na fedha, anayebaki akiugonga ukuta ni mnunuzi.

Mwandishi wa majibu haya aliugonga mwenyewe, kabla hajaifanya kazi hii. Alinunua kiwanja upande wa Nzuguni kwa kuamini maneno ya dalali na barua ya toleo iliyowekewa plastiki vizuri. Bikoni zote nne za mipaka zilikuwepo, mbili zikiwa zimefukiwa na mchanga wa korongo, na kuzifukua kwa jembe kulimpa furaha iliyomsahaulisha kuuliza habari za risiti. Alipokwenda kuomba uhamisho alikuta kodi ya pango haijalipwa kwa miaka tisa, na muuzaji alikuwa ameshahamia Kahama na kubadilisha namba ya simu. Alilipa.

La pili ni rehani, ambayo husajiliwa na huonekana kwenye upekuzi wa daftari la Msajili wa Hati. La tatu ni zuio linalowekwa na mtu anayedai ana maslahi katika ardhi, mara nyingi mke, mume au warithi. Kodi ya majengo nayo ina tabia yake ya pekee, kwa kuwa tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Kwa hiyo inafuata mita, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata akiwa mpangaji wa chumba kimoja. Serikali imesema wazi kwamba mlipaji halali ni mwenye nyumba na mpangaji anapaswa kurudishiwa, jambo ambalo wapangaji wengi hawalidai kwa sababu ya kuogopa kuharibu uhusiano kwa ajili ya shilingi 1,500. Anayenunua nyumba iliyokaa bila umeme kununuliwa kwa miezi mingi asishangae makato ya kwanza yakiwa makubwa.

Barabara ikichukua kipande cha kiwanja changu, je, nitatozwa kwa faida ya barabara hiyo?

Hutaletewa bili, lakini faida hiyo inaweza kuingia kwenye hesabu. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967 inaelekeza kwamba panapotwaliwa sehemu tu ya ardhi ya mtu, ukadiriaji wa fidia uzingatie uwezekano wa thamani ya sehemu iliyobaki kupanda kutokana na kazi zinazojengwa kwenye sehemu iliyotwaliwa. Huyu ni ndugu wa karibu wa tozo maalumu, aliyekuja kwa mlango wa nyuma: badala ya kukudai faida, anaipunguza kwenye unachodai. Tunaona kuna ukakasi hapa. Anayeguswa ni yule tu aliyekatwa kipande, ilhali jirani wa ng'ambo ambaye hakukatwa hata hatua moja anapata kupanda kwa thamani bila kupunguziwa lolote. Ukipewa fomu ya uthamini, omba uonyeshwe hesabu kabla ya kutia sahihi.

Ndugu yangu yuko mbioni kununua nyumba Marekani. Aulize nini?

Aulize mambo mawili tofauti, kwa maandishi: je, kuna tozo maalumu ambayo imeshapitishwa na haijamalizika kulipwa, na je, kuna mradi uliokwisha kujadiliwa na mji ambao tozo yake bado haijapitishwa? La pili ndilo linalowanasa watu. Upekuzi wa kawaida wa hati huonyesha kilichosajiliwa. Mradi ulio mezani mwa baraza la mji huenda usionekane popote isipokuwa kwenye kumbukumbu za vikao na ofisi ya mhandisi. Mkataba wa mauziano useme nani atabeba kila mojawapo, kwa sababu usiposema, kiwanja kitasema chenyewe.

Afahamu pia kwamba tozo hii, kwa kuwa huongeza thamani ya mali, kwa kawaida haipunguzwi kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu ya huko kama ipunguzwavyo kodi ya nyumba. Huongezwa kwenye gharama ya mali yenyewe, na husaidia siku ya kuuza.

Na ile tozo maalumu ya chama cha wenye nyumba?

Ni kitu kingine chenye jina hilohilo. Hiyo hutozwa na chama cha binafsi kwa wanachama wake, pengine kwa ajili ya paa la pamoja au lifti, na msingi wake ni mkataba wa chama.

Je, mfumo huu ungefaa Dodoma?

Sehemu yake ingefaa. Kipo kitu kisicho cha haki katika lami ya mtaa mmoja kugharamiwa na tozo ya mafuta ya nchi nzima, huku bei ya kiwanja kinachopakana nayo ikipanda na mwenyewe akiiuza faida hiyo kama jasho lake. Hata hivyo mfumo unahitaji daftari la viwanja lililokamilika, wathamini wa kutosha na wenye viwanja wanaopatikana kwa anwani. Mtaa ambao nusu ya nyumba hazina hati ungeangusha mzigo wote kwa wale waliokubali kupimwa, na kuwaadhibu kwa utii wao. Marekani yenyewe ilionja hatari yake katika miaka ya 1930: miji iliyokuwa imekopa kwa hati fungani ili kupeleka barabara na mabomba kwenye viwanja vya walanguzi ilikuta viwanja vitupu na wamiliki waliotoweka. Yeyote aliyewahi kutembea katika maeneo yetu yaliyopimwa pembezoni mwa mji, akapita viwanja ishirini vya nyasi na nguzo moja ya umeme kabla ya kukuta nyumba yenye mtu, ataelewa tunachokihofia.

Tungeanza na mitaro badala ya lami. Mipaka ya bonde hujichora yenyewe kila masika, na anayefurikiwa hahitaji mthamini wa kumwambia kwamba mtaro umemfaa.

Nina risiti za kodi ya pango za miaka mingi iliyopita. Nizitupe?

Usizitupe, hata kama malipo ya sasa yana kumbukumbu kwenye mfumo. Risiti za mkono za enzi ya CDA hazikuingizwa zote kwenye kompyuta, na ukidaiwa mwaka ambao uliulipa, karatasi hiyo iliyofifia ndiyo shahidi wako pekee. Zipige picha leo, wino ungali unasomeka.